Nafasi Moja ya Senta

Juni, Masasi. Chokaa iliisha tangu nusu fainali,
basi mistari tumeichora kwa salfa ya mikorosho,
manjano juu ya udongo mwekundu,
na kila anayeteleza anaondoka na harufu ya shamba gotini.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Timu ya netiboli ya mkoa imebakiza nafasi moja, senta,
na wasichana ni wawili.

Somoe Namtanga wa Newala, miaka kumi na sita,
mfupi, midomo imefumbwa, macho hayatulii.
Hedwiga Nandonde wa Ndanda, hajatimiza kumi na saba,
mrefu kama mlingoti wa bendera,
akipigiwa filimbi anacheka.

Walionizunguka wanajua tayari.
Mwalimu Mchopa ameweka dau kisado cha korosho kwa Hedwiga.
Mpishi wa bweni hataki hata mjadala:
“Somoe. Andika, twende tukale.”

Nawatazama.

Somoe hapotezi hatua.
Kwao juu kule ndoo ya maji ina bei,
mtoto hujua kutembea na ndoo kichwani
kabla hajajua kukimbia bure,
na ndivyo anavyoushika mpira:
sekunde tatu anazopewa, anatumia moja,
mbili anaweka akiba.
Pasi yake haina papara,
inafika kifuani mwa mfungaji kama chenji kamili.

Hedwiga amekulia karibu na chemchemi.
Ndanda maji yanashuka mlimani usiku kucha, nani ayahesabu,
naye anakimbia vivyo hivyo,
anaufuata mpira usio wake, anarudi, anaufuata tena.
Akirusha pasi tano, mbili zinaishia vichakani,
ya tatu inapita mahali
ambapo sikujua kuna mahali.

Haya, niambie wewe. Unapimaje hapo?
Daftari lina safu zake: pasi, makosa, mipira iliyonyang’anywa.
Kwa safu, Somoe anashinda. Nimejumlisha mara mbili.
Lakini robo ya nne, thelathini kwa thelathini,
Hedwiga aliruka, akaanguka, akainuka na shavu la manjano,
mkononi mpira ambao Somoe,
kwa hesabu sahihi kabisa,
alikuwa ameuachia utoke.

Thelathini na moja.

Nami niliwahi kuvaa ile herufi kifuani, Nachingwea,
nikiwa na umri wao. Msichana wa hesabu.
Walimchukua mwingine, mwenye mbio na makelele,
na tangu hapo nimeapa kila nikifua fulana ile kuukuu:
siku nikishika kalamu mimi,
namchagua anayepima.

Nilimwandika Hedwiga.
Kalamu haikutetemeka hata kidogo.
Hilo ndilo linaloniudhi.

Orodha ilibandikwa mlangoni pa stoo.
Somoe aliisoma kwa kidole, juu hadi chini,
akarudi juu, kama mtu anayehakiki risiti,
kisha akaenda kufungua nyavu za magoli,
maana nyavu ni za Newala
na basi lao linaondoka saa kumi.
Alipanda juu ya dawati, akafungua fundo mojamoja.
Walimpa kisu. Hakukitaka.

Dawati lilikuwa na mguu mbovu.
Hedwiga akaja kulishikilia, salfa bado shavuni.
Sikusikia walichosema, kama walisema.
Niliona tu mkono wa Somoe ukishuka, bila yeye kutazama chini,
na Hedwiga akipokea wavu wa kwanza, halafu wa pili,
akiikunja ovyo, kamba huku, kamba kule,
na Somoe, alipokanyaga tena ardhi,
akamnyang’anya zote,
akazikunjua,
akaanza kuzikunja upya.